Mmoja Amwage Juu, Mwingine Atazame Chini

Ndugu msomaji unayeishi ghorofani, iwe juu ya mtu au chini ya mtu, nina ombi kwako. Siku utakapoona doa la kahawia kwenye dari, au siku jirani wa chini atakapopanda ngazi kukuambia kwamba dari yake imelowa, naomba nyote wawili mtenge nusu siku ya kuyatafuta maji hayo pamoja. Iwe kabla ya kununua ndoo ya rangi. Iwe kabla ya fundi kushika nyundo na kuanza kubomoa marumaru. Na iwe kabla ya kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, kila mmoja kamgeuzia mwenzake mgongo.

Naomba hivi kwa sababu mkondo wa mambo haya katika maghorofa ya Upanga, Kariakoo, Sinza na kwingineko Dar es Salaam unajulikana. Wa chini huona doa, hulipaka rangi. Baada ya wiki chache doa hurudi pale pale, kwa kuwa rangi ya maji tunayopaka dari haizuii madoa: unyevu ukipita tena huuyeyusha ule ukahawia na kuuleta hadi juu ya rangi mpya. Hapo hasira hupanda, na mtu naye hupanda ngazi. Wa juu humwonyesha bafu lake. Sakafu kavu, bomba halidondoki. "Jirani, kwangu hakuna kinachovuja." Anasema kweli kwa kadiri anavyoona, maana maji yanayoharibu dari ya chini hayakai juu yakaonekana, yameshapita. Wa juu ndiye mwenye koki, wa chini ndiye mwenye ushahidi, na hakuna kati yao anayeweza kuujua ukweli akiwa peke yake. Lazima awepo wa kumwaga na awepo wa kutazama.

Tumekuwa wengi tunaoishi hivi. Katika majengo ya katikati ya jiji, ambayo baadhi yake yalitaifishwa mwaka 1971 na kuangukia baadaye mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa, vizazi viwili vitatu vimezoea kuwa na nyayo za watu juu ya vichwa vyao. Lakini Kariakoo nyumba za Kiswahili zenye ua zinaendelea kubomolewa na kupisha maghorofa, na Magomeni Kota kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za chini zilirudi mwaka 2022 kwenye majengo marefu. Bafu la uani lilikuwa na uhuru wake. Mtu alioga kwa ndoo na kopo, akamwaga yaliyobaki, akasugua sakafu kwa ufagio wa chelewa, maji yakaenda shimoni au mchangani, na hapakuwa na dari ya mtu yeyote chini. Mazoea hayo ya usafi ni mema na sioni sababu ya kuyaacha. Ila ghorofani, sakafu inayodekiwa kwa ndoo nzima ya maji kila asubuhi inahitaji kuwa imejengwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi haikujengwa hivyo.

Kuna jambo ambalo halimsubiri jirani wala mwenyekiti wa mtaa. Maji yakidondoka kupitia taa au feni, nenda kwenye boksi la umeme uzime swichi ya saketi hiyo, na usiiwashe mpaka fundi umeme aikague. Mabomba ya nyaya yaliyolazwa ndani ya zege ni njia nyepesi kwa maji, kwa hiyo hutokea kwenye tundu la taa hata yakiwa yameanzia mbali. Na kama dari ni ya jipsamu na imeanza kubonyea, ondoa watu na vyombo chini yake, weka beseni, simama pembeni na utoboe tundu dogo kwa bisibisi ili maji yashuke taratibu. Bodi ya jipsamu iliyojaa maji huweza kuanguka nzima nzima.

Ukishaondoa hatari, lisome doa. Chukua penseli, zungushia mstari kwenye ukingo wake, andika tarehe na saa hapo hapo darini, piga picha. Baada ya siku moja au mbili utajua kama linakua. Doa lenye pete, moja ndani ya nyingine, limelowa na kukauka mara nyingi: kila linapokauka, uchafu ulioyeyushwa hujikusanya ukingoni na kuacha alama. Hayo ni maji ya vipindi, ya mtu anapooga au mvua inaponyesha. Doa linalobaki bichi usiku na mchana, hata familia ya juu ikiwa imesafiri, linaelekeza kwenye bomba la maji safi. Linalonenepa wakati wa masika na kukauka mwezi wa Julai huenda halina uhusiano wowote na bafu. Tazama dirisha, ukuta wa nje au paa. Na katika jiji hili lenye joto, usikisahau kiyoyozi. Kijibomba chake cha kutolea maji kikiziba, au kikiwa kimekatika ndani ya ukuta, hudondosha maji usiku kucha, na lawama huangukia bafu lililo karibu. Sina shaka kwamba yapo mabafu yaliyobomolewa bure kwa kosa la kiyoyozi.

Usidhani pia kwamba penye doa ndipo penye tundu. Maji hufuata mkondo. Yanaweza kuingia penye choo, yakatambaa ndani ya sakafu hadi kwenye ufa au bomba la nyaya, na kutokea mita kadhaa kutoka yalikoanzia. Hata hivyo, pa kuanzia panahitajika. Pima kwa futi kamba kutoka kuta mbili zinazokutana hadi katikati ya doa, kisha panda juu na upime vile vile kutoka kuta zile zile. Utajua doa liko chini ya choo, chini ya tundu la kutolea maji la sakafuni, au chini ya ukuta uliobeba mabomba. Kwa kazi hii lazima mtu akufungulie mlango, na hapo ndipo ombi langu linapoanza kuwa na uzito.

Maji ya bafuni ni ya namna mbili, na mwenye kuzitenganisha mapema hujiokolea fedha nyingi. Kuna yale yaliyo ndani ya bomba la kuleta maji, yenye msukumo saa zote. Na kuna yaliyokwisha kutumika, yanayopita pale tu mtu anapooga, anaponawa, anapovuta maji ya choo au anapodeki. Bomba la kwanza likitoboka halipumziki. La pili huvuja kwa zamu.

Anzeni na lile la kwanza. Fungeni koki zote za nyumba ya juu, hakikisheni tenki la choo limejaa, kisha tazameni mita. Kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanakwenda. Lakini tuwe wakweli kuhusu maisha yetu: katika majengo mengi maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayafiki bafuni moja kwa moja. Huingia tenki la chini siku ya mgao, yakapandishwa kwa pampu hadi paani, na kutoka huko kuteremkia nyumba zote, mita ikiwa moja getini. Mita hiyo haiwezi kukwambia lolote kuhusu bafu la ghorofa ya tatu. Hapo tumieni valvu ya kuingizia maji katika nyumba ya juu. Usiku mmoja iacheni wazi, pasiwe na mtu wa kutumia bafu kuanzia saa nne mpaka alfajiri. Usiku wa pili iwe vivyo hivyo, ila valvu ifungwe. Doa likilowa usiku wa kwanza na kutulia usiku wa pili, kosa liko kwenye bomba la maji safi: kwenye majengo ya zamani huwa ni chuma kilicholiwa na kutu penye hesi, kwenye mapya huwa ni kiungo cha plastiki ambacho fundi hakukichoma sawasawa.

Kama mita inazunguka lakini dari haibadiliki, tieni rangi ya chakula ndani ya tenki la choo na msivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka. Bei ya mpira huo ni ndogo na unawamalizia maji, lakini hauhusiki na doa. Ubadilisheni, kisha msonge mbele.

Bomba la maji safi likiwa halina kosa, ndipo inapokuja ile nusu siku niliyoiomba. Jumamosi asubuhi ni wakati mzuri, bafu likiwa limepumzika tangu usiku. Chini, ondoeni samani na mtandaze magazeti makavu chini ya doa; magazeti huonyesha tone dogo ambalo jicho halikuliona likianguka. Awepo mtu mwenye tochi na subira. Juu, wekeni ndoo mbili, mpira wa maji, na vichupa vya rangi ya chakula vya dukani. Simu za wote wawili ziwe wazi. Mkisikilizana, "Nimeshamwaga," "Bado pakavu," mnaandika na saa. Wala msione aibu kuwashirikisha watoto. Macho yao ni makali kuliko yetu na hawachoki kutazama dari.

Jaribuni chanzo kimoja kwa wakati mmoja, na mngoje katikati. Zege halina haraka. Tone linaweza kuchukua dakika tano kutokea chini, au saa tano.

Mwanzo, choo. Vuta maji mara tano au sita, pasimwagike hata tone sakafuni, kisha ngoja nusu saa au zaidi. Chini pakilowa, shuku kiungio kati ya choo na bomba la majitaka, na ushukuru Mungu, maana mara nyingi hurekebishwa bila kubomoa sakafu. Pakibaki pakavu, nenda kwenye sinki la kunawia: lizibe, lijaze mpaka juu, uliachie kwa mkupuo. Maji mengi kwa pamoja hufichua kiungo kilicholegea ambacho kijito cha kunawia mikono hakikifichui. Kisha lije tundu la sakafuni. Hapa panahitaji uangalifu: ingiza mdomo wa mpira ndani kabisa ya tundu, uyaachie maji kwa dakika kumi bila kuilowesha sakafu. Dari ikilowa sasa, kosa ni la bomba lililo chini ya tundu au la kiungo chake. Isipolowa, mmelitoa bomba hatiani, na sasa sakafu yenyewe ndiyo itakayohojiwa.

Ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaga maji yafike kina cha sentimita mbili hivi, yasivuke kizingiti cha mlango. Weka alama ya penseli ukutani penye usawa wa maji na uyaache mpaka kesho yake. Haya ndiyo majaribio yanayowachosha watu wakayakatisha njiani, nami nawasihi msiyakatishe. Kama dari italowa, maji yanapenya pembeni mwa tundu, au kwenye kona ambako sakafu inakutana na ukuta, au katikati ya marumaru. Kama itabaki kavu, achieni maji, kisha mrushe mvua ya bafu kwenye ukuta, hasa pale mabomba ya koki yanapotokea. Ukuta uje mwisho kwa makusudi: ukianza nao, maji yake huteremka sakafuni na hutajua nani kati ya hao wawili ndiye mwenye kosa.

Rangi za chakula husaidia, buluu sinkini na nyekundu sakafuni, ili gazeti la chini litaje njia. Zikionekana, mna jibu. Zisipoonekana, msiseme hakuna kitu, kwa sababu zege na plasta vinaweza kuichuja rangi njiani yakashuka maji matupu. Na nyekundu hugoma kutoka kwenye grauti nyeupe, basi mwambieni mwenye bafu mapema.

Mara nyingi mtakuta kosa ni la sakafu, na fundi atawaambia marumaru ni mpya, haziwezi kuvuja. Mjibuni kwa heshima kwamba marumaru si kinga. Kigae chenyewe hakipitishi maji, lakini grauti hufyonza, na saruji nyeupe ambayo wengi huipaka badala ya grauti hupasuka nyufa ndogondogo. Kinga ya kweli ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa chini ya marumaru, likazunguka shingo ya tundu, likapanda ukutani angalau sentimita 15, na sehemu ya kuogea likapanda juu zaidi. Sakafu nayo iwe na mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tunduni. Kazi hii haionekani ikishafunikwa, ndiyo maana hurukwa. Sisi tunaooga kwa kumwagia bafu zima, wala si kwenye kiboksi cha kioo, tuna haja nayo kuliko wengi.

Huenda ukajiuliza kama tone dogo linastahili shughuli yote hii. Siku moja ina sekunde 86,400. Matone ishirini madogo hufanya mililita moja hivi, kwa hiyo tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita nne kwa siku zinazopita ndani ya sakafu iliyobeba watu. Zege zima huilinda nondo kwa chokaa iliyomo kwenye saruji. Maji yakipita kila siku huiyeyusha chokaa hiyo na kuitoa nje. Ule ukoko mweupe unaoota darini, na vile vijiti vyeupe vinavyoning'inia chini ya maegesho ya magari, ndiyo chokaa yenyewe. Kisha nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikalisukuma zege mpaka libanduke mapande. Jiji letu lina balaa la ziada. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na majengo yasiyotosheka na mgao huvitegemea. Chumvi huiharakisha kutu. Doa lililotokana na maji ya kisima cha chumvi lisivumiliwe hata mwezi mmoja.

Ndugu zetu wa Mji Mkongwe, Unguja, nawaomba msifuate maelezo haya yote. Nyumba zenu, zilizo katika eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimebebwa na boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa. Msilijaze bafu maji mkayalaza usiku kucha. Sakafu ya namna hiyo haikuwekwa kwa mzigo wala unyevu huo, na ncha za boriti zilizoingia ukutani ndizo huoza kwanza, mahali ambapo macho hayafiki. Kwenu jaribuni choo, sinki na tundu kwa maji machache, mkague ncha za boriti kwa kuzichoma taratibu na bisibisi, na mwiteni fundi anayeijua chokaa. Kuziba unyevu kwa plasta ya saruji huufungia ndani ya ukuta.

Nirudi kwa majirani wawili. Wewe wa chini, unapopanda, piga hodi wakati watu wameshatulia, msalimie mkubwa shikamoo yake, na uanze na picha kwenye simu kabla ya neno "gharama". Sema: "Naomba tusaidiane kutafuta." Wewe wa juu, kumfungulia mlango si kukiri kosa. Bomba linaweza kuwa la jengo zima, lile la wima linalopita bafu hadi bafu, na likiwa hilo mzigo si wako peke yako. Tanzania ina Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, inayotambua kwamba kuna sehemu ya mwenye nyumba na kuna sehemu ya wote inayosimamiwa na umoja wa wamiliki. Huwezi kuyagawa malipo kwa haki bila kujua tone linatoka wapi. Ndiyo maana karatasi yenu ya majaribio, yenye saa na sahihi mbili, itakuwa na nguvu kuliko maneno ya saa nzima mbele ya mwenyekiti. Mpangaji naye asinyamaze kwa kuogopa kupandishiwa kodi. Apeleke picha zenye tarehe kwa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba asimwambie "paka rangi tu".

Baada ya matengenezo, rudieni jaribio lile lile lililolifichua kosa, kwa maji yale yale na muda ule ule. Dari ikipita, msipake rangi siku hiyo. Zege lililolowa kwa miezi hukauka kwa wiki nyingi. Fungueni madirisha, na mngoje mpaka mstari wa penseli usivukwe tena na unyevu. Hapo pakeni kwanza rangi ya mafuta au dawa ya kufungia madoa juu ya doa, kisha rangi yenu ya kawaida.

Na ninyi mnaojenga sasa, wenye viwanja Kariakoo na Mbezi, wahandisi na mafundi bomba: kabla ya kumwaga zege na kupiga plasta, pigeni picha za mabomba yote ya kila bafu, futi kamba ikiwa imenyooshwa ukutani ili umbali usomeke. Ijaribuni sakafu kwa maji kabla ya kulaza marumaru, si baada. Picha hizo na tarehe ya jaribio zikabidhiwe kwa mnunuzi pamoja na ufunguo, na nakala ibaki kwa kamati ya jengo.